Prado 95 inakwama difu njia ya Farkwa: ninyanyue inchi ngapi?

PampuZaVisima (Dodoma)

Mbukwenyi wakuu.

Nina Prado 95 ya dizeli, injini 1KZ, huu ni mwaka wa sita niko nayo. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima vijijini, Chemba na Bahi zaidi. Nyuma muda wote kuna jenereta ndogo, mabomba, mnyororo wa kuvutia na sanduku la spana ambalo kijana wangu analiita "marehemu" kwa sababu halibebwi na mtu mmoja. Niliupima mzigo kwenye mizani ya mnunuzi wa alizeti, ukaja kilo 260, hapo mimi na kijana hatumo.

Gari imelala nyuma. Ukisimama pembeni unaiona imekaa kitako kama mbwa anayesubiri mfupa.

Wiki iliyopita natoka Farkwa. Mchanga wa mto Bubu nimeuvuka vizuri, nikaja kunaswa kwenye njia ya kawaida kabisa. Malori ya mazao yamechimba mifereji miwili na katikati limebaki tuta gumu kama saruji. Difu ya nyuma, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, ikapanda juu ya tuta, matairi yakawa yanazunguka bure. Nimechimba kwa jembe la kuazima kama dakika arobaini, mwenye jembe kakaa chini ya mbuyu ananipa ushauri.

Sasa fundi mmoja hapa mjini ananiambia tuweke spesa (vipande vya kuongeza kimo cha springi) mbele na nyuma, inchi 4, kazi ya siku moja, laki tatu na nusu. Mwingine anasema inchi 4 nitakuwa nanunua draifu shafti (shafti za kuzungusha magurudumu ya mbele) kama nanunua vocha. Nimsikilize nani? Na nikinunua springi mpya, kuna kingine cha kubadilisha? Nataka nimalize kabla mvua za Desemba hazijaanza, mnajua wenyewe mbuga za Bahi zikilowa.

FundiKizota

Mdogo wangu, nakuanzia na habari mbaya. Difu yako ya nyuma haitapanda hata milimita moja. Weka inchi 2, weka 4, weka 10. Ekseli ya nyuma ya Prado 95 ni moja zima, na kinachoishikilia juu ya ardhi ni tairi. Springi iko juu ya ekseli, kwa hiyo inanyanyua chesesi, bodi, tangi na bampa. Difu inabaki palepale. Ya mbele ndiyo imefungwa kwenye chesesi, hiyo itapanda.

Ukitaka ya nyuma ipande, badili tairi. Kama bado una 265/70R16, kimo chake ni kama sentimita 77.7. Ukienda 265/75R16 unapata kama 80.4. Nusu ya hiyo tofauti ndiyo difu inapata, yaani sentimita 1 na kitu. Ni kidogo, lakini kwenye tuta sentimita moja ni pesa. Ujue pia spidomita itakudanganya: ikisoma 100 wewe uko 103.

Hilo tuta lenyewe, usiingie kwenye mifereji. Panda tuta kwa matairi ya upande mmoja, ya upande wa pili yapite ukingoni nje ya mfereji. Haina gharama.

Sasa kunyanyua. Unahitaji, ila kwa sababu nyingine: springi zako zimechoka na kilo 260 zako ni za kila siku. Nunua springi za nyuma za uzito huo, wauzaji wazuri wanaziuza kwa madaraja ya mzigo. Usichukue za kilo 400 eti ni imara. Siku ukienda kanisani gari tupu familia itashuka na viuno vinauma. Mbele za kawaida tu, kama huna bampa la chuma. Jumla inchi 2, sentimita 5. Mimi kwa gari hii naishia hapo.

Kwa nini nisizidi? Mbele magurudumu yanajitegemea. Ukinyanyua, draifu shafti zinakaa kwa pembe kali, raba za jointi zinachanika, vumbi linaingia, jointi inaanza kulia ka-ka-ka kwenye kona. Na spesa za mbele watu hawazielewi. Ile ya juu ya shokapu yenye unene wa sentimita 2.5 inanyanyua gari karibu 5, kwa sababu shokapu imekaa katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu na tairi iko mwisho wake. Fundi asiyejua hilo anaweka ya sentimita 5, mwenye gari anashangaa mkono wa juu unagonga kila shimo. Spesa pia haiongezi nguvu yoyote. Springi iliyochoka ukiiwekea stuli inabaki imechoka.

Kabla hujagusa springi, kagua boljointi za chini za mbele, zile jointi za mpira wa chuma zinazoshika gurudumu. Hizi Prado, na ndugu zake Toyota Surf 185, zimefungwa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta boljointi, hauikandamizi. Ikichakaa inachomoka tu, tairi linalala chini ya madigadi. Nimeona gari mbili. Zikiwa na mchezo badilisha, na weka bolti mpya, zile nne kila upande, usirudishe za zamani.

Kazi yenyewe: nyuma ni rahisi. Nyanyua chesesi, weka stendi (usilale chini ya jeki, hata dakika mbili), fungua shokapu chini, shusha ekseli taratibu huku mtu anaangalia mpira wa breki usivutike. Springi inatoka kwa mkono. Mbele springi lazima ibanwe kwa kibano chake. Ukiona fundi anaifunga kwa waya au kamba, chukua funguo zako uondoke. Springi ile ikifyatuka inaua.

Mwisho, bolti zote zenye bushi za raba zikazwe gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Mafundi wengi wanakaza ikiwa inaning'inia, raba zinakaa zimejipinda muda wote, miezi mitatu zimekatika. Halafu alaimenti siku hiyohiyo, na taa uzishushe, vinginevyo kila lori la kuelekea Manyoni litakupiga full.

MshukaBereko

Fundi kasema karibu yote, naongeza lililonipata. Surf 185, niliinyanyua inchi 3 mahali ambapo sipataji. Ilipendeza kweli. Wiki ya pili natoka Kondoa naenda Babati, nimepita Bereko nashuka kuelekea Bonga, mbele ng'ombe wanakatiza. Nakanyaga breki, pua inazama, nyuma inabaki nyepesi kama haimo. Nilisimama, ila ng'ombe wa mwisho tuliangaliana machoni.

Kumbe kuna valvu ya breki kwenye chesesi juu ya ekseli ya nyuma, ina kifimbo kimeshika ekseli. Kazi yake kupima mzigo. Gari ikilala inajua imebeba, inapeleka breki nyingi nyuma. Ikiinuka inajua haina kitu, inapunguza. Ukinyanyua gari bila kugusa hicho kifimbo, valvu inaamini gari tupu siku zote. Dawa ni kibati cha kukiinua kifimbo kwa kimo kilekile ulichonyanyua. Kinachomelewa kwa nusu saa. Waulize kwanza kama wanakijua. Wakikuangalia kama umeongea Kichina, endelea na safari.

DadaWaAlizeti (Singida)

Kaka, mimi naendesha Hilux ya zamani ambayo haijanyanyuliwa hata kidogo, nakusanya alizeti vijiji ambavyo hata jina hamvijui. Ninachobeba ni kipima upepo na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Nikifika kwenye mchanga nashusha upepo wa matairi hadi psi 18, nikitoka najaza. Dakika kumi. Wanaume wa humu mnanunua springi za mamilioni na kupunguza upepo mnaona aibu.

Na kwenye mbuga iliyolowa hakuna inchi itakayokuokoa. Ule udongo unajaza meno ya tairi mpaka linakuwa kama chapati. Mimi nasubiri jua, nalala kwa mama mmoja pale kijijini. Zaidi ya hapo ni kujionyesha.

PampuZaVisima (Dodoma)

Nimerudi wakuu, samahani kwa kimya, nilikuwa site.

Kwanza nilikuwa nimeshapanga kulipa ile laki tatu na nusu ya spesa. Jibu la fundi nililisoma nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nikapiga simu kughairi nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Boljointi ya kulia ilikuwa na mchezo. Tulisukuma tairi kwa nondo, ikacheza tukaiona kwa macho. Nimebadilisha zote mbili na bolti zake. Nikaagiza springi Dar, Old Man Emu, nyuma za mzigo wa kati, mbele za kawaida, pamoja na shokapu zake nne. Kazi ilichukua siku mbili kwa sababu bolti moja ya chini ilikuwa imegandana na bushi, tukaikata kwa grainda.

Vipimo, katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, mzigo wote ndani: nyuma ilikuwa sentimita 45, sasa 51 na nusu. Mbele 48 imekuwa 53. Kifimbo cha valvu tumekichomelea kibati. Dereva wangu wa zamani alipoijaribu breki kipaji cha uso kiligusa kioo, kwa hiyo inafanya kazi. Matairi ya 75 nitaweka haya yakiisha, sina haraka tena.

Farkwa nimeenda na kurudi mara mbili. Tuta nimelipanda kwa upande mmoja kama ulivyosema. Dada wa Singida, pampu nimenunua, Bubu nilivuka kwa 20, ila aibu niliisikia kidogo, kweli.

Kitu kimoja: nikikata kona kushoto taratibu, mfano pale naingia nyumbani Veyula, nyuma inalia "ngo!" mara moja tu. Kulia hailii. Ni nini?

FundiKizota

Kwenye ekseli ya nyuma kuna rodi ndefu imelala upande hadi upande, inaizuia ekseli isiende pembeni. Ukinyanyua inaivuta kidogo, hiyo kawaida. Ila mlifungua bolti yake mkashusha ekseli, au siyo? Na mkaikaza ikiwa inaning'inia, au hamkuikaza kabisa. Mmoja asukume bodi ya nyuma kushoto kulia gari imesimama, mwingine aweke kidole kwenye kichwa cha bolti. Utausikia mgongano kwenye kidole.

Usiende nayo Bahi hivyo. Kama huna spana yake, pita Jumamosi kabla ya saa nne. Na huyo marehemu mshushe nyumbani, sitaki kusaidia kubeba.