Mizani ya sarafu za zamani: pointi moja, mbili au tatu?

Mjukuu wa Kilimatinde:
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, Kizota. Bibi mzaa mama ameniachia kopo la maziwa lenye sarafu za zamani: shilingi za simba za Mwingereza, rupia kadhaa za Mjerumani, na riale moja kubwa yenye kichwa cha mwanamama, mwaka 1780. Tangu hapo nimenogewa, kila mnada nachungulia kwa wauza vyuma chakavu. Sasa nataka mizani. Dukani nimekuta tatu: ya jikoni ya kilo tano, ya mfukoni ya gramu 200 inayosoma pointi mbili (tarakimu mbili baada ya nukta), na nyingine ya pointi tatu ila mwisho wake gramu 20. Muuzaji ananisukumia hiyo ya mwisho, eti ndiyo ya masonara. Nina elfu hamsini. Nichukue ipi?

Mzee wa Nkuhungu:
Uza tu hizo rupia kijana, kuna jamaa wananunua kwa mamilioni.

Sonara Majengo:
Hao wa mamilioni ndio wanaotaka utangulize hela ya "vipimo". Mtoa mada, achana nao.

Mimi ni sonara, mizani ndiyo inayonilisha. Hiyo ya gramu 20 iache hapohapo dukani. Riale yako ni ya Maria Theresa, ikiwa nzima ina gramu 28.07. Mizani itakuandikia kosa, na ukiizidishia mzigo mara kwa mara unaiua. Halafu pointi ya tatu, na upepo wetu huu wa Julai? Ukipumua tu namba zinacheza. Ya jikoni nayo inaruka gramu nzima nzima, wakati rupia ni 11.66 na shilingi ya simba ni 7.78. Itakuambia 12 na 8, imetoka.

Chukua ya gramu 200, ila ijaribu kabla hujatoa hela. Weka sarafu ya mia tano katikati, kisha isogeze pembe zote nne za sahani; isitofautiane zaidi ya 0.02. Ukiitoa irudi sifuri. Halafu panga sarafu nyingine kama kumi, bonyeza tara (kitufe cha kurudisha sifuri mzigo ukiwa juu), ongeza ile ya kwanza juu yake. Isome uzito uleule wa mwanzo. Za bei chee zinafeli hapa: mzigo mdogo ziko sawa, ukiongeza zinaanza kudanganya. Nunua na jiwe la gramu 100 la kuhakikia mizani, ila lipeleke kwanza kwa mtu ambaye mizani yake imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Mawe yanayokuja ndani ya boksi siyaamini sana.

Iramba Damu:
Naongezea nikiwa Singida. Ukiletewa ile sarafu ya dhahabu ya Mjerumani yenye tembo, ya rupia 15, Tabora 1916, ni gramu 7.17. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huku kwetu, ikagongwa kwenye karakana ya reli Tabora vita ikiwa imepamba moto. Niliwahi kuonyeshwa moja, saizi ileile, inang'aa kweli. Mizani ikasoma nne na kitu. Jamaa akaondoka bila kuaga.

Mjukuu wa Kilimatinde:
Asanteni sana. Nimechukua ya 200. Rupia moja inasoma 11.42. Ni feki?

Sonara Majengo:
Si lazima. Kama maandishi yamelika, imetembea sana mikononi mwa watu. Ipime kwenye maji. Kikombe chepesi cha plastiki, maji nusu, vyote visifike gramu 200. Kiweke kwenye mizani, bonyeza tara. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, usome namba. Gawanya 11.42 kwa hiyo namba. Jibu ni mara ngapi sarafu ni nzito kuliko maji ya ujazo uleule. Ukipata 1.11, jibu linakuja kama 10.3, hiyo ni madini ya fedha ya rupia. Ikisoma 1.28 jibu ni 8.9, na hapo fedha haipo.

Shilingi za simba usihangaike nazo kwenye maji, angalia mwaka. Za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, za kuanzia 1948 hazina kabisa, na uzito ni karibu uleule.

Uzi uwe mwembamba wa kushonea. Kamba inanyonya maji na kukuharibia hesabu.