Mjadala: Kodi yetu imsomeshe binti spini za viini, wakati sekondari hazina hata sumaku?

Mwalimu Chaki (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Jumapili tulikuwa na kikao cha ukoo, Tabata. Mpwa wangu kamaliza shahada ya kwanza ya fizikia hapo Mlimani, kwa mkopo wa serikali, na sasa anaomba ufadhili wa umma aendelee na uzamili. Shangazi yake akamuuliza anataka kusoma nini hasa. Binti akajibu bila kusita: jinsi spini za viini vya atomu zinavyoingiliana na elektroni iliyofungiwa mahali padogo.

"Padogo kiasi gani?"

"Chukua mita moja, shangazi, uigawe vipande milioni kumi. Kipande kimoja."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Na ukishapaona, panaliwa?"

Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Usiku lakini sikulala vizuri. Mimi nafundisha fizikia sekondari, upande wa Mbagala. Kidato cha pili wanachora mistari ya uga wa sumaku kwa kunakili ubaoni, kwa sababu shule nzima ina sumaku moja, na hiyo tuliing'oa kwenye spika mbovu. Mwaka juzi ikadondoka, ikavunjika pande mbili. Wanafunzi walifurahi: sasa tuna mbili.

Kwa hiyo nauliza hadharani. Mfuko wa umma una kiasi kilekile. Ni haki kumlipia mtu mmoja asome jambo hilo, au hela hiyo iende kwenye maabara za shule? Mimi napinga ufadhili huo, ingawa binti ni damu yangu na ndiye aliyenifundisha kutumia kompyuta. Nipingeni kwa hoja.

Fundi Spika

Shangazi apewe uwaziri.

Mama Risiti

Nauza vitenge Kariakoo, mashine ya risiti inalia kutwa. Nikichangia kusomesha nesi, nesi namwona. Nikichangia injinia wa maji, bomba nalifungua. Huyu wa spini akimaliza ataajiriwa wapi hapa nchini? Ataenda Ulaya, atafanya kazi nzuri, atatutumia picha za theluji. Sina wivu naye. Nasema tu kwamba mtaji umetoka kwetu na faida itakaa kwao.

Nanosekunde

Nipo Mlimani, nafanya mambo yanayokaribiana na hayo. Mama, hoja yako ni nzito, nitairudia. Kwanza tuelewe kinachosomwa, maana naona tunagombana na jina.

Viini vya atomu nyingi ni visumaku vidogo mno, na spini ndiyo tabia inayovifanya hivyo. Elektroni nayo ni kisumaku, chenye nguvu mara 658 kuliko cha protoni, yaani kiini cha haidrojeni. Sasa ifungie elektroni moja ndani ya nukta kwanta, yaani kijishimo cha semikondakta (mali ghafi ya chipu za kompyuta) ambamo haina pa kwenda upande wowote. Elektroni haikai juu ya kiini kimoja. Inatandaa kama mkeka juu ya viini laki kadhaa, pengine milioni, na inavihisi vyote kwa pamoja. Kwenye galiamu-aseniki, semikondakta ambako majaribio mengi yalianzia, hakuna kiini kilicho kimya: galiamu-69, galiamu-71 na aseniki-75 vyote vina spini ya 3/2.

Mwalimu, hesabu hii wape kidato cha sita. Viini hivyo vyote vikielekea upande mmoja, elektroni itahisi uga wa sumaku wa tesla 5 hivi (tesla ndiyo kipimo cha nguvu ya uga huo), kushinda mashine nyingi za hospitali. Lakini havielekei upande mmoja, kila kimoja kina lake. Rusha sarafu mara milioni: kichwa na mwenge havitalingana sawasawa, vitapishana kwa elfu moja hivi, mzizi wa pili wa milioni. Basi gawa tesla 5 kwa elfu, unabaki na militesla 5. Ni kidogo, ila huwezi kukitabiri, na ukirudia jaribio unakuta kingine. Mwaka 2005 kikundi cha Harvard kilipima madhara yake: elektroni inasahau ilikoelekezwa baada ya nanosekunde 10 hivi, yaani sehemu kumi za bilioni za sekunde.

Kwa nini mtu ajali? Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza elektroni kama hizo ziwe biti, yaani vitunza taarifa, za kompyuta ya kwanta, ile inayohesabu kwa kanuni za chembe ndogo kama hizi. Biti inayosahau kwa nanosekunde 10 ni sawa na konda anayesahau nani kalipa kabla hujaketi. Dawa mojawapo ikawa kuhamia silikoni, kwa sababu silikoni ya asili ina viini vyenye spini asilimia 4.7 tu, ile silikoni-29. Ukiichuja hiyo, ukabaki na silikoni-28, kelele inakatika. Mwaka 2014 watafiti wa Sydney walipata mikrosekunde 120, mara elfu kumi na mbili ya zile nanosekunde 10. Mwaka huohuo, hukohuko Sydney, kiini cha fosforasi ndani ya silikoni ya namna hiyo kilitunza taarifa zaidi ya sekunde 30. Yule mgomvi wa kwanza kageuzwa mtunza hazina.

Na upande wa pili, wa elektroni kuviathiri viini, nao haujakaa kimya. Elektroni zikibanwa kwenye waya mwembamba, zikabaki na mbele na nyuma tu, nadharia ya 2009 inasema zinaweza kuvipanga viini kwa mtindo wa parafujo kwenye baridi kali. Mwaka 2014 huko Basel wakaona dalili zinazolingana na hilo. Hiyo ndiyo nyumba anayoigongea mpwa wako mlango.

Sasa gharama. Friji ya kupooza hadi sehemu chache za elfu za digrii juu ya sufuri halisi ni ghali kweli, na sitetei tuinunue. Binti anataka nadharia. Anahitaji kompyuta mpakato, umeme, na msimamizi anayejibu barua pepe (hilo la tatu ndilo adimu). Kumsomesha yeye ni rahisi kuliko kumsomesha mkemia.

Mwana wa Rukwa

Mnasahau utajiri wetu! Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza heliamu nyingi kwenye bonde la Rukwa. Friji zote hizo zinakunywa heliamu. Dunia itakuja kupiga magoti kwetu, halafu sisi tunabishana kama tusome au tusisome?

Nanosekunde

Ndugu, taratibu. Kinachotoka ardhini Rukwa karibu chote ni heliamu-4. Hiyo inafaa sana, hasa kwenye MRI, ile mashine ya hospitali inayopiga picha ndani ya mwili kwa sumaku. Lakini friji za kushuka hadi huko chini kabisa zinachanganya heliamu-4 na heliamu-3, na heliamu-3 nyingi inayouzwa duniani inatokana na tritiamu inayooza yenyewe, ambayo nusu yake huisha kila miaka 12.3. Tritiamu hiyo ni ya mataifa yenye mabomu na vinu vya nyuklia. Rukwa haitupi ufunguo huo.

Uone lakini kwamba umejibiwa bure, na mtu aliyesomeshwa fizikia isiyoliwa. Tukikaa mezani na wanunuzi wa gesi hiyo, huyo anayejua tofauti ya nne na tatu tutamkodi kutoka wapi?

Kichwa Baridi

Nafanya kazi chumba cha MRI, hapahapa Dar, hospitali siitaji. Wagonjwa wengi wakiingia wanauliza kama mionzi itawadhuru. Nawaambia hakuna mionzi ya eksirei humu, ni spini za viini vya haidrojeni kwenye maji ya mwili wako. Mashine ya tesla 1.5 inaziita kwa mawimbi ya megahezi 64 hivi, kisha inasikiliza zinavyoitika. Toa hereni, toa mkanda, lala.

Sasa nisikilizeni wote wawili. Kuna wakati umeme ulituchezea, kompresa ikazima. Chumba cha MRI kina mlio wake, tsk, tsk, tsk, kama mjusi ukutani. Ni ile pampu inayoipooza heliamu. Ulipokatika nilijua kabla sijaangalia. Kuanzia hapo tukawa tunasoma kipimo cha heliamu asubuhi na jioni, namba inashuka. Tulisubiri wiki kadhaa mtaalamu aje kutoka nje, na wagonjwa wakapangiwa tarehe upya. Mzee mmoja alikuwa amekuja kwa basi kutoka Kilwa.

Kuirekebisha hakukuhitaji msomi wa spini. Ilihitajika fundi wa friji aliyefunzwa kisawasawa na ofisa manunuzi anayeamka mapema. Kwa hiyo, Nanosekunde, usituambie kila siku "MRI, MRI" kama ndiyo ushahidi wako. Nami Mwalimu nikuulize: wanafizikia Bloch na Purcell walipogundua mwitiko wa viini kwenye vitu vya kawaida mwaka 1946, hakuna aliyekuwa anatafuta uvimbe wa ubongo. Picha ya kwanza ya namna ya MRI, ya mwanasayansi Lauterbur, ilichapishwa 1973. Miaka 27. Nani alikuwa akilipa kodi muda wote huo bila kuona picha?

Mama Risiti

Wamarekani. Wana hela ya kusubiria. Mimi fremu nalipa miezi sita mbele.

Nanosekunde

Mama, ukimwagiza bodaboda apeleke mzigo Mwenge, ramani ya simu yake inategemea saa zilizo kwenye setilaiti. Saa hizo zinahesabu mvutano huohuo wa kiini na elektroni yake. Tangu 1967 sekunde yenyewe imefafanuliwa hivyo: mitikisiko 9,192,631,770 ya atomu ya seziamu.

Mama Risiti

Bodaboda wangu anauliza kwa muuza maji.

Fundi Spika

Na Erasto Mpemba je? Mbona hamumtaji? Mtoto wa sekondari ya Magamba, 1963, kaweka maziwa ya moto kwenye friji ili atengeneze aiskrimu, yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu wake akamcheka, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia. Baadaye akamuuliza Dakta Osborne wa chuo kikuu cha hapa Dar, na 1969 wakachapisha pamoja. Nyie walimu ndio mnaocheka watoto halafu mnakuja kuomba sumaku.

Mwalimu Chaki

Hilo limenigusa, maana Jumapili nilicheka.

Ila Mpemba anaipigia kura hoja yangu. Alikuwa na friji! Alikuwa na maziwa na sukari, akagusa kitu kwa mkono wake. Angenakili mistari ubaoni kama watoto wangu, angegundua nini?

Nanosekunde

Na anaipigia yangu pia. Mwaka 2023 ilichapishwa hesabu ya athari ya Mpemba kwenye nukta kwanta: chini ya masharti fulani, ile iliyoanza mbali zaidi na utulivu inawahi kutulia. Jina la Mtanzania lipo kwenye kichwa cha makala, na walioandika walikuwa Japani. Kwa kweli nilipoisoma nilisikia aibu kidogo, na sikujua niielekeze kwa nani.

Mwalimu Chaki

Nimesoma yote. Nakubali kwamba nadharia ni nafuu kuliko nilivyodhani, na nakubali kwamba hela yake haitoshi kujenga hata chumba kimoja cha maabara. Nilikuwa nalinganisha vitu visivyo kwenye mizani moja. Nisichokubali ni yeye aondoke mikono mitupu. Mtu anayelipiwa na umma kusoma jambo la namna hii atumikie mihula miwili kwenye sekondari ya kata, darasani kabisa, siyo ofisini. Asiyetaka, atafute mfadhili wake.

Mama Risiti

Nani atahakikisha ameripoti? Tunajua watu wanavyosaini daftari la mahudhurio kisha wanapotea.

Kichwa Baridi

Na fundi wangu wa friji? Hakuna aliyenijibu.

Mwalimu Chaki

Kweli hatujakujibu. Ukweli ni kwamba ningekuwa na nafasi moja tu ya ufadhili, ningempa fundi wako, na mpwa wangu angeninunia mpaka Idi. Zikiwa mbili, ya pili ni yake.

Fundi Spika

Mimi natengeneza redio na spika, Gerezani. Spika zilizokufa ninazo rundo, zinajaza nafasi tu, na kila moja ina sumaku yake. Unahitaji ngapi?

Mwalimu Chaki

Thelathini. Darasa lina watoto themanini na tisa, watagawana. Nakuja Jumamosi, na huyo binti namleta, azing'oe mwenyewe.