Tupeane uzoefu: meno yanayopata ganzi na fizi zinazotoka damu

Mwana Chumbageni: Wakuu, salaam. Embe bichi la chumvi na pilipili nimelila tangu utotoni bila tatizo, lakini siku hizi nikishushia maji ya friji, meno ya pembeni hupata ganzi kali hadi nashika shavu. Fizi nazo zimejivuta na mizizi imeanza kuonekana. Naomba aliyepitia hali hii aeleze yaliyomkuta na kilichomsaidia.

Mama Pili: Ndugu yangu, umenikumbusha ujauzito wangu wa pili. Fizi zilivimba zikawa nyekundu, na kila nilipopiga mswaki nilitema damu. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, aliniambia kwamba mtoto anakula madini ya meno yangu na kwamba kila uzazi hudai jino lake. Kliniki ya wajawazito ikanielekeza kwa daktari wa kinywa na meno, naye akanifafanulia kuwa homoni za ujauzito huzifanya fizi zivimbe upesi pale penye ukoga, kwamba mtoto hachukui madini kutoka kwenye meno ya mama, na kwamba mahali panapotoka damu ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa mswaki laini. Nilisafishwa ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu juu ya meno, katika miezi ya katikati ya ujauzito na damu ikakoma. Huniuma sana ninaposikia wajawazito wakiambiwa wavumilie mpaka wajifungue.

Kipepeo: Kwangu ilikuwa vivyo hivyo, Mama Pili.

Mzee wa Mkaa: Vijana, tatizo ni hizo dawa za meno za dukani. Sisi tumekua kwa mkaa uliosagwa na chumvi, na meno yetu ni imara. Huyu kijana ajaribu mkaa.

Seremala: Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe, kwa sababu mkaa hukwangua jino kama msasa, na mzizi ulioachwa wazi na fizi hauna lile tabaka gumu la juu la kuulinda. Mti wa mswaki ni jambo jingine: ukitafunwa hadi nyuzi zilainike, ukapitishwa taratibu, hausumbui fizi.

Mzee wa Mkaa: Marahaba. Lakini hamwoni kuwa madini ya floraidi yaliyomo kwenye dawa hizo ndiyo yaliyowapa watu wa Arusha meno ya kahawia?

Mkazi wa Usa River: Mzee wangu, meno hayo ya kahawia ninayo mimi, kwa hiyo naomba nilieleze. Yalitokana na maji tuliyokunywa utotoni. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floraidi nyingi katika chemchemi na mito yetu, na baadhi ya vyanzo hupita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa kikomo. Magadi tunayopikia maharage na makande huongeza nyingine. Madhara huingia wakati meno ya mtoto yanajiumba ndani ya taya, na kwa walioathirika zaidi tabaka la juu huwa dhaifu na kumeguka, ndipo maji baridi yanapotesa. Mtu mzima anayepaka dawa kidogo kwenye mswaki na kuitema hapati meno ya kahawia. Floraidi hiyo humsaidia kuimarisha jino. Kwetu, vita ni vya maji ya watoto, na ndiyo maana wapo wanaochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Abiria wa Mbeya: Mimi yangu ilianza kama ya mwanzisha mada, ikaishia ndani ya basi la usiku. Tulipokaribia milima ya Kitonga nilikunywa soda ya baridi, jino la nyuma likalipuka kwa maumivu ambayo hayakupoa hata baada ya soda kuisha. Yalipanda sikioni, yakawa yanadunda pamoja na moyo. Mama mmoja alinipa karafuu niitafune, abiria mwingine akaniambia niweke aspirini juu ya fizi, na kondakta akasema fundi wake ana koleo. Morogoro nilishuka shavu limevimba. Daktari alikuta jino limeoza mpaka kwenye mshipa wa fahamu, akatibu mzizi na kuliziba.

Kipepeo: Pole sana! Karafuu ilisaidia?

Seremala: Ile aspirini hukuiweka, natumaini? Huunguza fizi.

Abiria wa Mbeya: Karafuu ilituliza kwa muda mfupi tu. Aspirini sikuiweka.

Msaidizi wa Kliniki: Nafanya kazi kwenye kliniki ya meno, na kisa cha Abiria kinaonyesha tofauti muhimu. Ganzi inayokuja na baridi na kutoweka mara baridi inapoondoka, mara nyingi hutokana na vijitundu vidogo vya jino vilivyobaki wazi, ambamo majimaji yakitikisika mshipa wa fahamu hushtuka. Maumivu yanayobaki, yanayokuamsha usiku au kuambatana na uvimbe yanahitaji daktari bila kuchelewa. Kwa ganzi ya kawaida, tumia dawa ya mswaki iliyotengenezwa kwa ajili ya meno yanayopata ganzi, ambayo mara nyingi huwa na potasiamu naitreti, asubuhi na usiku kwa wiki kadhaa; tema povu bila kusukutua kwa maji mengi. Baada ya embe au ndimu, sukutua kwa maji na usubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Mwana Chumbageni: Nashukuru sana. Yangu hutoweka mara moja, ila fizi zinazidi kujivuta.

Msaidizi wa Kliniki: Basi dawa ya mswaki pekee haitatosha, kwa kuwa fizi zilizojivuta hazirudi zenyewe. Nenda wakaangalie kama kuna ugaga chini ya fizi, wapime na sukari, na uwaonyeshe mswaki unaoutumia.