Nafundishaje historia ya mitindo na nguo bila darasa zima kusinzia?

Chaki_Nyeupe
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa historia, miaka yote nimefundisha vita na mikataba. Muhula huu nimebebeshwa historia ya mitindo na vitambaa: vipindi vinane, wanafunzi wa miaka 13 na 14, wavulana kwa wasichana. Mimi mwenyewe nina suruali mbili zinazopokezana zamu, kwa hiyo mnaelewa hali yangu.

Kipindi cha kwanza kimenishinda. Niliandaa picha za mavazi ya wafalme na malkia wa Ulaya, karne baada ya karne. Hata dakika kumi hazijaisha, kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, haya si mambo ya wasichana?" Darasa likaangua kicheko. Na hao wasichana niliodhani watanitetea walikuwa wanachorana kwenye madaftari.

Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Sindano_Butu
Ngoja wajuzi waje. Nimekaa pale.

MamaPindo
Pole mwalimu. Watoto hawana kosa, wewe ndiye uliyeanzia kileleni. Anzia kwenye uzi.

Nimefundisha ushonaji miaka mingi na kipindi changu cha kwanza hakina picha hata moja. Kila mtoto nampa pamba ya hospitali, kiasi cha yai la njiwa. Avute taratibu huku anasokota kwa vidole. Itakatika. Arudie, itakatika tena. Baada ya robo saa anapata uzi wa urefu wa kiganja, una vinundu kama mgongo wa kenge, na anautazama kama ameugundua yeye. Hapo muulize: shati ulilovaa limekula uzi kiasi gani? Waache wakisie mita kumi, mita hamsini, halafu waambie unahesabiwa kwa kilomita.

Sasa ndiyo uwaambie kwamba hadi katikati ya karne ya 18 uzi wa pamba karibu wote ulisokotwa kwa mkono. Miaka ya 1760 James Hargreaves wa Uingereza akatengeneza mashine ambayo mtu mmoja anasokota nyuzi nane kwa mpigo, na mwaka 1768 wasokotaji wakamvamia wakamvunjia mashine zake. Hutahitaji kueleza hasira ilitoka wapi.

Chaki_Nyeupe
Hii nimeipenda. Ila huyo kijana na "mambo ya wasichana" yake nimfanyeje?

Mtande_na_Mshindio
Picha zako usizitupe mkuu, ulizipanga vibaya tu. Mtafutie ile ya Louis XIV wa Ufaransa iliyochorwa na Hyacinthe Rigaud mwaka 1701. Mfalme mzee, soksi za hariri hadi mapajani, mguu kautanguliza mbele, viatu vya kisigino kirefu chekundu. Usiseme neno. Muulize yeye: huyu amevaa mambo ya nani? Dakika ishirini zitaisha wanabishana wenyewe.

Halafu wapo watakaovutiwa na mitambo. Mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia kitambaa, kinachoongozwa na kadi zilizotobolewa. Penye tundu, uzi wa mtande, ule unaotandazwa kwa urefu wa kitambaa, unanyanyuka. Pasipo na tundu, unabaki chini. Ndiyo au hapana, basi. Mwaka 1839 ilifumwa picha ya Jacquard mwenyewe kwa hariri, ikala kadi kama 24,000, na Charles Babbage, yule wa mashine za kukokotoa, alikuwa na nakala yake. Wape daftari la miraba, wajaze ua au herufi, kisha wafume kwa vipande vya karatasi vya rangi mbili wakifuata miraba yao. Mmoja akikosea mraba, ua linapinda, na anajua pa kurekebisha.

KichwaNgumu
Nyote mnapamba tu. Hiyo pamba ilitoka wapi? Eli Whitney alitengeneza mashine ya kuchambua mbegu za pamba mwaka 1793. Mtu angedhani kazi ya watumwa ingepungua. Marekani ilikuwa na watumwa kama 700,000 mwaka 1790. Kufikia 1860 walikaribia milioni nne. Mwalimu wa historia ukiruka hapo, bora urudi kwenye magauni.

Pia kuna moto wa kiwanda cha blauzi cha Triangle, New York, Machi 25, 1911. Walikufa 146, wengi wasichana, mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wadogo kabisa walikuwa na miaka 14. Rika la darasa lako.

MamaPindo
KichwaNgumu uko sahihi, ila si kipindi cha pili. Kwanza wajue uzi ni kazi, ndipo uwaambie ni kazi ya nani.

Sindano_Butu
Nami nichangie. Choma nyuzi. Pamba inaungua kama karatasi, sufu inanuka nywele zilizoungua, poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu.

MamaPindo
Achome mwalimu, mezani kwake, kwa kibano, juu ya sahani yenye maji! Niliwahi kuwaachia viberiti wanafunzi. Pazia la darasa lile halipo tena.

Mtande_na_Mshindio
Nyongeza ya mwisho. Kuna gauni la kitani kutoka Tarkhan, Misri, lina zaidi ya miaka 5,000. Lilifukuliwa mwaka 1913 ndani ya bonge la matambara, na hakuna aliyejua ni gauni hadi 1977 matambara yalipofunguliwa ili yasafishwe. Kwenye viwiko na kwapa lina mikunjo. Maana yake kuna mtu alilivaa.

Chaki_Nyeupe
Mrejesho. Leo tumesokota. Sakafu ilijaa manyoya kama banda la kuku na mtu wa usafi hanisemeshi. Yule kijana uzi wake ulikatika mara sita, akahamia kwa msichana wa dawati la nyuma kujifunza. Louis XIV namleta Alhamisi, na habari ya Whitney nimeiweka kipindi cha tano.

MamaPindo, wameniuliza vile vinundu vinaondolewaje, nikawaambia nitawajibu kesho. Vinaondolewaje?

MamaPindo
Wachambue pamba kwanza kwa vitana viwili, nyuzi zilale upande mmoja. Na wavute kidogo kidogo, wana pupa hao.