Ushauri: binti wa miezi mitatu ana vifuko vya kuzaliwa navyo kwenye pafu (CPAM), apasuliwe au tusubiri?

BabaMchanga: Wadau, habari zenu. Ultrasaundi ya wiki 20 ilionyesha vifuko sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Mtoto ananyonya, uzito unapanda, eksirei ya siku aliyozaliwa ilikuwa safi. Daktari mmoja anataka apasuliwe, mwingine anasema tusubiri. Tuulize nini?

Sindano: Pole, ndugu. Kwanza msiitegemee ile eksirei. Vifuko hivi hufifia sana miezi ya mwisho ya mimba, eksirei ikatoka safi, kumbe bado vipo. Kipimo chenyewe ni CT (picha ya vipande vya mwili) yenye dawa ya kuonyesha mishipa, mara nyingi miezi 3 hadi 6. Umri huo mara nyingi hahitaji nusu kaputi: awekewe kanula (kimrija cha mshipani), anyonye, afungwe khanga, alale. Picha ishuke mpaka juu ya tumbo. Kama sehemu ile yenye vifuko inalishwa na mshipa utokao aota (mshipa mkuu wa damu utokao moyoni), daktari lazima aujue mapema. Ukikatwa kabla ya kufungwa, hujivuta chini ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) huku ukivuja, na damu hupotea haraka mno.

Wodi5: Vifuko vikiwa vikubwa na vina hewa, mimi naunga mkono upasuaji, kabla ya mwaka. Pafu likishapata maambukizi hushikamana na mishipa, na operesheni ya matundu madogo huishia kufungua kifua. Tena picha haiwezi kutenganisha kwa uhakika baadhi ya vifuko na saratani ya utotoni iitwayo PPB. Ulizeni pande zote mbili za ukoo: PPB, vinundu vya tezi ya shingo, vifuko vya figo utotoni. Kukiwa na hayo, msisubiri.

Siku ya upasuaji: maziwa ya mama yakome masaa 4 kabla ya operesheni, ya kopo masaa 6 kabla. Akitoka na mrija kifuani, chupa yake ya maji ibaki chini ya kifua daima. Mapovu akilia maana yake pafu bado linavuja hewa. Mrija wa namna hiyo haubanwi, hewa itajaa kifuani.

Taratibu: Vifuko vikiwa vidogo, moyo haujasukumwa pembeni, ukoo hauna historia: kusubiri kunakubalika kabisa, maana wengi wasio na dalili hukaa salama miaka ya mwanzo. Ila chanjo za PCV (ya nimonia) na penta za wiki 6, 10 na 14 zisikosekane. Hesabuni pumzi dakika nzima akiwa ametulia: 50 au zaidi kwa umri wake, mbavu zikibonyea, au akiachia titi kila mara kutafuta pumzi, hospitali siku hiyohiyo. Umbali nao uhesabiwe. Aliye Tunduru si sawa na aliye Dar: kifuko kikipasuka ghafla, hewa ikijaa kifuani, hakuna muda wa kusafiri usiku kucha.

Sindano: Na mwombe CD ya picha, si ripoti peke yake. Mpasuaji anataka kuufuata ule mshipa kwa macho yake.