Wakuu, si kila lori la zamani la Mwingereza ni Bedford! Mmemfukuza mtu pekee aliyekuwa anajua

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye roho nyepesi apite kando, nyuzi za mapenzi ziko kule juu.

Wiki iliyopita nilipandisha picha hapa. Nilikuwa natazama tamthilia moja ya Kiingereza (siitaji, isije ikawa ndiyo mada). Hadithi ni ya mwaka 1955, mvua inanyesha, linapita lori la magunia ya makaa ya mawe, sekunde kama kumi hivi, limekwenda. Nikauliza kistaarabu kabisa: hili ni lori gani?

Majibu 43. Kati ya hayo, 31 yanasema "Bedford hiyo mkuu." Sababu hakuna. Mmoja kaenda mbali zaidi, kasema ni Bedford TK, wakati 1955 TK lilikuwa bado halijazaliwa! Mwingine kauliza linauzwa bei gani. Mwingine kaipeleka picha kwenye programu ya akili mnemba, ikamwambia Bedford, akarudi nayo hapa kifua mbele kama mtu aliyebeba cheti cha kuzaliwa cha lori lenyewe.

Najua Bedford imetukaa kichwani. Marehemu mjomba wangu alikuwa utingo wa Bedford lenye pua, na bibi yangu mpaka leo likipita Fuso barabarani anasema "bedifodi hilo." Bibi nimemsamehe. Ninyi mnaojiita wadau wa magari ya kale siwasamehi.

Sikilizeni. Bedford lilikuwa jina la malori ya Vauxhall ya Luton, yalianza 1931, na Vauxhall wakati huo ilikuwa mali ya General Motors ya Marekani. Hilo moja. Sasa hesabuni wengine waliokuwa barabarani Uingereza miaka hiyo: Leyland wa Lancashire, AEC wa Southall, Albion wa Glasgow wenye nembo ya jua linalochomoza, Thornycroft wa Basingstoke, Guy wa Wolverhampton, Scammell wa Watford, Austin, Morris, Dodge, Ford. Pale Sandbach peke yake kulikuwa na viwanda viwili, Foden na ERF, na herufi ya kwanza na ya pili za ERF ni za Edwin Richard, mtoto wa ukoo huohuo wa Foden, aliyejitenga na kampuni ya nyumbani akaanzisha ya kwake 1933. Ndugu kwa ndugu, mji mmoja. Hao wote nyie mnawaita Bedford?

Kuna pahala nakubali mtu anaweza kuteleza. Malori ya Austin yaliyotoka 1939 yalifanana na Bedford kiasi kwamba Waingereza wenyewe waliyabatiza "Bedford ya Birmingham." Kwa hiyo ukiona lori la vita vya pili limefunikwa turubai, kwa mbali, gizani, ukasema Bedford kumbe ni Austin, nitakupigia makofi ya pole. Lakini angalau useme "nahisi."

Halafu kuna mtego wa vichwa, ambao humu naona watu wawili tu wanaujua. Kichwa cha lori si lazima kitoke kiwanda kilichotengeneza injini. Mwisho wa miaka ya 50 Leyland, Albion na Dodge walikuwa wananunua kichwa kilekile, ndiyo maana kikaitwa LAD, herufi moja ya kila mmoja. Mwaka 1964 kikaja kingine, Ergomatic, akavalishwa Leyland, akavalishwa AEC, akavalishwa Albion. Sura moja, tofauti yake iko kwenye shoo ya mbele na nembo. Sasa wewe umeona taa na kioo tu kwenye picha yenye ukungu, umejuaje? Na wale wanaorekodi tamthilia nao wanaazima lori la mtu aliyelikarabati mwenyewe, nembo inaweza kuwa imetoka kwa jirani.

Namba za gari? Zinasaidia, ila zina uongo wake. Herufi ya mwaka mwishoni mwa namba ilianza 1963 kwa A, 1964 ikawa B, 1965 C. Kwa hiyo namba inayoishia na C kwenye hadithi ya 1955 ni kichekesho, lakini haikwambii lori ni la nani. Na wakati mwingine wanabandika namba ya bandia ili tu mwaka ukae sawa. Mimi naamini zaidi maandishi ya mlangoni: ukisoma British Road Services ujue tumeshavuka 1948, serikali ilipoanza kuyataifisha malori ya masafa. Na nyuma ya lori zito ukiona kibao cha 20, hiyo ni spidi, maili ishirini kwa saa. Sheria hiyo ililegezwa 1957 ikawa 30. Kitu kama hicho ndicho cha kutafuta, si kukimbilia kujibu wa kwanza.

(Na yule aliyeandika kwenye uzi mwingine kwamba Scammell Scarab ni "Toyo la Wazungu": nilicheka, nakiri. Kichwa cha magurudumu matatu, kimetengenezwa kuanzia 1948 kwa ajili ya kujigeuza palepale kwenye yadi za reli zilizobana. Huyu angalau aliangalia magurudumu.)

Sasa kilichonichemsha damu hasa. Katikati ya makelele yenu aliingia mzee mmoja, hana picha, hana mbwembwe, akaandika maneno mawili: "Weka sauti." Nikakata kipande cha video nikaweka. Akajibu: "Hiyo ni Commer, injini ya TS3."

Nikaenda kusikiliza tena kwa spika za masikioni, nywele zikanisimama. Commer ni kampuni nyingine ya malori ya Uingereza, na hiyo injini yake ya TS3 ilitoka 1954. Silinda tatu, pistoni sita, kila silinda ina pistoni mbili zinazotazamana, mipigo miwili kama zile pikipiki za kuchanganya oili, ila hii ni dizeli na haichanganyi kitu. Krenki ni moja, iko chini, na pistoni zinaisukuma kupitia mikono ya pembeni. Ndiyo maana inalia vile, mlio mkavu wa kukwaruza usio wa lori jingine lolote. Injini imelala chini ya sakafu, kwa hiyo ndani watu watatu wanakaa bega kwa bega. Rudini kwenye picha yangu mhesabu kofia. Ziko tatu!

Mkamfanya nini? "Mzee unasikia lori kwa masikio?" "Babu kalale." Mwenye akili kidogo akasema sauti huwa zinabandikwa studio. Kweli, huwa zinabandikwa. Lakini nani atahangaika kuitafuta sauti ya Commer ili aivishe Bedford?

Mzee hajaandika tena tangu Jumanne. Nimemtumia ujumbe pembeni, kimya.

Mods, msiuunganishe huu uzi na ule wa kwanza. Nina picha nyingine, lori lenye pua, kwenye rejeta kuna kitu kama jua, na nyuma yake linakuja la pili ambalo sijalielewa kabisa. Siipandishi. Mzee, ukipita hapa andika hata nukta, nitakutumia wewe peke yako, na sauti yake ninayo.