Majumba ya Balboa Park: yajengwe upya vilevile?

Mpwani: Jumba la Balboa Park, bustani kubwa ya mji wa San Diego, California, likichoka, mji hulibomoa na kulijenga tena kwa sura ileile ya Kihispania. Casa del Prado 1971, House of Hospitality 1997. Haya yalikuwa mapambo ya maonyesho ya 1915, lipu juu ya papi za mbao, ya mwaka mmoja tu. Goodhue, msanifu mkuu wa maonyesho, alitaka mengi yavunjwe. Kwa nini tunayang'ang'ania?

BintiFundi: Miaka miwili, 1915 na 1916. Na hiyo "lipu" imeniuma, baba yangu ni fundi lipu. Casa del Prado walichukua urembo wa zamani, wakatoa kalibu, wakamimina zege. Nenda saa kumi jioni, jua likipiga ubavuni, uone kivuli kilivyojikunja nyuma ya kila jani. Hiyo ni kazi ya mikono, kaka.

Shukuru: Mikono ya nani? Balboa, Mhispania ambaye bustani imepewa jina lake, hakukanyaga California. Juu kabisa ya lango la California Building kasimama Padri Serra, Mhispania aliyeanzisha misheni hapa. Wakumeyaay, wenye ardhi, walichoma misheni yake 1775. Nionyesheni sanamu yao pale.

BintiFundi: Mimi nazungumzia ufundi.

Mpwani: Mnagombea maua ya zege, na sisi wa mtaa wa City Heights tunangoja basi juani. Watu wetu huko hata hawaendi.

KijanaWaFizi: Nani kakutuma utusemee? Mama yangu alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi. Kila Jumapili anavaa kitenge kipya, tunakwenda bustanini kusikiliza ogani ya Spreckels, bure. Anakaa benchi la mbele. Ile ni bustani yake kama ilivyo yako.

Mpwani: Sikumsema mama yako.

KijanaWaFizi: Umesema "watu wetu".

Shukuru: Tusipotezane. Serra je?

BintiFundi: Zanzibar kuna jumba la makumbusho, Beit el Amani. Sinclair, Mwingereza, aliiga kuba za Kiarabu, ikafunguliwa 1925. Tuivunje?

Mpwani: Beit el Amani usiiguse, dada! Nimesoma jirani yake.

Shukuru: Basi umejijibu mwenyewe. Mimi sisemi wavunje. Nasema Wakumeyaay wawekwe langoni, palepale, kwa zege lilelile.

BintiFundi: Hilo nakubali. Baba angelimimina kwa furaha.

Mpwani: KijanaWaFizi, nimekosea kuhusu watu wetu. Niwie radhi, na kwa mama pia.

KijanaWaFizi: Yameisha, kaka. Ogani inaanza saa nane mchana. Mama atakuwekea nafasi.